Baka jeupe mdomoni: likatwe au liangaliwe?

Mtafuna tambuu wa Unguja au Mombasa huenda kwa daktari kung'oa jino bovu, akatoka na habari asiyoifuata. Ndani ya shavu, pale pale anapozoea kulikalisha tambuu, pana baka jeupe. Haliumi, wala haliwashi. Ukilikwangua halitoki, tofauti na utando wa fangasi ambao mara nyingi hubanduka. Madaktari huliita lukoplakia, nao wenyewe hawakubaliani la kufanya: likatwe, au liangaliwe tu?

Wa kukata wana hoja nzito. Mabaka mengi ya aina hii hayageuki kuwa saratani. Makadirio hupishana, na yale ya juu hufika takriban moja katika kila kumi. Tatizo ni kuijua hiyo moja. Likiwa jekundu, au jeupe lenye vidoa vyekundu, hofu huongezeka sana, na hapo hakuna ubishi kwamba lazima kinyama kichukuliwe kikapimwe maabara. Lakini kinyama kidogo kinaweza kukatwa upande usio na ugonjwa, ubaya ukawa umejificha upande wa pili. Ukiliondoa baka lote, maabara nayo italiona lote. Kwangu mimi, kati ya hoja za wa kukata, hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ingawa haisemwi sana.

Wa kungoja hawana hoja nyepesi pia. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2016 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, hayakupata ushahidi kwamba tiba zilizojaribiwa, vitamini A na beta-karotini zikiwemo, huzuia saratani. Baadhi ya mabaka yalififia, kisha mengine yakarudi. Kuhusu upasuaji, hapakuwa hata na jaribio moja lililowagawa wagonjwa kwa kura, wengine wakatwe na wengine wasikatwe, kisha wakalinganishwa. Na sababu ya kimwili ipo: moshi, pombe au tumbaku havikuligusa baka peke yake, vimeulowesha mdomo mzima. Umekata hapa, kesho linaota kwenye ufizi wa pili.

Nikipima maneno hayo ya vitabuni, kungoja ndiko kunakoshinda. Ila kungoja kuna sharti lake: mgonjwa arudi. Kuangaliwa maana yake ni miadi kila baada ya miezi michache, kwa miaka. Mtu wa Pemba asiyesikia maumivu atapanda boti na kulipa nauli ili aambiwe "bado lipo"? Wengi hawatarudi mpaka kuwe na kidonda. Ndiyo maana baka ambalo kipimo chake kimeonyesha seli zimeanza kuharibika, nami ningependa likatwe mgonjwa akiwa bado yuko mikononi, ushahidi ukiwa mchache hivyo hivyo.

Kuacha, kwa upande mwingine, hakuhitaji boti. Mabaka kadhaa hupungua au hutoweka mtu akiachana na tumbaku. Ugumu unaanzia kwenye lugha: uraibu, neno tunalolitumia leo kwa kila kitu kilichomteka mtu, ndilo jina la mchanganyiko wenyewe wa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Bibi aliyekaribisha wageni kwa sinia la tambuu maisha yake yote hamwelewi kijana wa zahanati anayemwambia aache. Wengine hukubaliana nusu njia: tumbaku itolewe, popoo ibaki. Bahati mbaya, tangu 2004 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeiweka popoo yenyewe, hata bila tumbaku, kwenye orodha ya vinavyosababisha saratani. Popoo ndiyo pia hukaza nyama za mashavu hadi mtu ashindwe kupanua kinywa apate tonge, na hali hiyo haiondoki kwa kuacha. Kuacha huizuia tu isizidi.

Je, watu wachunguzwe hata kabla hawajalalamika? Mwaka 2013 jopo la Marekani linaloshauri juu ya uchunguzi wa kinga lilisema ushahidi hautoshi, na kwa Mmarekani wa kawaida sioni ubaya wa jibu hilo. Kerala, kusini mwa India, ambako tambuu hutafunwa kama kwetu, jibu lilikuwa jingine. Jaribio lililoanza 1996 lilitazama vinywa vya watu wa miaka 35 na zaidi, na matokeo ya 2005 yalionyesha kuwa kati ya watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilikuwa pungufu kwa asilimia 34 kuliko kwa wenzao wasiotazamwa. Kwa watu wote kwa jumla, tofauti haikuwa ya kutegemewa. Maana yake kwetu si kumtazama kila mtu mdomoni, ni kumtazama mtafunaji, mvutaji na mnywaji.

Waliotazama vinywa Kerala hawakuwa mabingwa, walikuwa wahudumu waliofunzwa. Wahudumu wa afya ya jamii wanaoingia majumbani tunao, na tochi si ghali. Kazi ngumu ni ile ya baada ya tochi: nani atakichukua kile kinyama, nani atakisoma, na majibu yatamfikia mwenyewe kwa njia gani akisharudi kijijini.