Usiniambie konsoli ngapi zimeuzwa, niambie wenye nazo hununua nini

Kila inapotangazwa gemu kubwa itakayotoka kwenye konsoli zote, yaani mashine za kuchezea gemu, ubishi huwa uleule: itauza nakala nyingi zaidi wapi? Na jibu la haraka huwa lilelile pia: kwenye konsoli iliyomo majumbani mwa watu wengi zaidi. Hesabu hiyo inaonekana haina pa kupingwa. Mimi naipinga, kwanza kwa sababu historia ya michezo hii imeikanusha zaidi ya mara moja, na pili kwa sababu imani hiyo imewaponza wachezaji wengi wasio na kosa lolote.

Chukua Wii ya Nintendo. Ilitoka mwaka 2006, na mpaka uzalishaji wake unakoma ilikuwa imeuzwa zaidi ya milioni 101. Xbox 360 ya Microsoft iliuzwa milioni 84 na ushei, PlayStation 3 ya Sony zaidi kidogo ya milioni 87. Kwa hesabu ya vichwa, Wii ilipaswa kuongoza mauzo ya kila gemu iliyotoka kwa zote tatu. Haikuwa hivyo hata kidogo. Call of Duty, mfululizo wa gemu za vita, mwaka hadi mwaka ilikuwa mali ya Xbox 360 na PlayStation 3, na toleo la Wii lilikuwa la kusindikiza tu. Call of Duty 4: Modern Warfare, iliyotoka 2007, iliwafikia wenye Wii mwezi Novemba 2009, wakati wenzao wanaingia kwenye Modern Warfare 2. Aliyependa michezo ya bunduki alikuwa ameshanunua mashine nyingine kitambo. Na wengi walionunua Wii, nje ya Japani, walikuta Wii Sports ndani ya boksi, wakaicheza na familia, wakaridhika. Hawakuwa wanunuzi wa Call of Duty na hawakuwahi kudai kwamba ni wanunuzi wake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza konsoli fulani imeuzwa ngapi, mimi huuliza wenye nayo wamezoea kununua nini, wananunua siku ya kwanza au wanangoja bei ishuke, na marafiki zao wanacheza wapi. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na gemu za mtandaoni zinalithibitisha neno hilo kila mwaka: mtu hununua toleo la pale walipo wenzake, hata kama mashine iliyo pembeni ina michoro mizuri zaidi. Ukuta huo ulianza kubomoka Septemba 2018, Sony ilipokubali wachezaji wa Fortnite, gemu ya mtandaoni, walio kwenye PlayStation 4 wakutane na wa Xbox na wa Switch ya Nintendo. Lakini mazoea hayabomoki kwa siku moja. Orodha ya marafiki aliyoijenga mtu kwa miaka kumi, mavazi ya wahusika aliyoyalipia, maktaba ya gemu za zamani, vyote vinamvuta abaki alipo.

Sisemi kwamba idadi haina maana. Resident Evil 4, gemu ya kutisha, ilitoka Januari 2005 kwenye GameCube ya Nintendo peke yake, ikiwa imetengenezwa kwa ajili yake na ikasifiwa kila kona. Miezi michache baadaye, Oktoba mwaka huohuo, ikafika PlayStation 2 ikiwa na michoro iliyopunguzwa. Toleo hilo lililochelewa ndilo lililouza zaidi: nakala milioni 2.3 dhidi ya milioni 1.6 za GameCube. PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 155, na GameCube haikufika hata milioni 22. Pengo la namna hiyo linaweza kumeza ubora wote wa toleo la kwanza. Ila tazama jambo moja: wenye PlayStation 2 walikuwa tayari wanunuzi wa Resident Evil tangu enzi za PlayStation ya kwanza. Idadi na mazoea vilikuwa upande mmoja. Vinapotengana, kama ilivyokuwa kwa Wii, mazoea ndiyo yanayoshinda.

Wenye kampuni wanalijua hili kuliko sisi, ndiyo maana wanalipia mazoea kwa fedha nyingi. Microsoft ilitoa dola milioni 50 ili vipande viwili vya nyongeza vya Grand Theft Auto IV vitangulie kwenye Xbox 360. Vilitoka 2009, na wa PlayStation 3 wakasubiri hadi 2010. Kwa miaka kadhaa ramani mpya za Call of Duty zilitangulia kufika Xbox kwa mwezi mzima. Mwaka 2015, kuanzia Black Ops III, mkataba huo ukahamia kwa Sony, na nembo ya PlayStation ikaanza kuonekana mwishoni mwa matangazo. Gemu ni ileile na bei ni ileile, lakini mnunuzi ameambiwa nyumbani kwa gemu hii ni wapi, naye akasikia.

Kinachoniuma ni ubora. Mchapishaji anapoamini kwamba konsoli fulani haitauza, hupeleka toleo dhaifu, lililochelewa au lililopunguzwa. Wenye konsoli hiyo wakilikataa, mchapishaji husema: si niliwaambia hawanunui? Ni sawa na kumpa mtu kiatu kisichomtosha, kisha ukamlaumu kwa kutotembea. Kwenye Switch, mashabiki wa soka walipewa FIFA 20, 21, 22 na 23 zenye jina la Legacy Edition: uchezaji wa zamani, na juu yake vikosi na jezi vilivyosasishwa. Kwa miaka minne mfululizo watu waliuziwa kitu kilekile, kwenye konsoli ambayo mpaka sasa imeuzwa zaidi ya milioni 150. Aliyeacha kununua siwezi kumlaumu. Mwaka 2023 ndipo EA Sports FC 24, mrithi wa FIFA, ilipowaletea wenye Switch uchezaji wa kisasa. Ni wangapi walikuwa wameshakata tamaa kufikia hapo? Hilo halionekani kwenye takwimu yoyote ya mauzo.

Cyberpunk 2077 nayo ilitoa somo lake Desemba 2020. Wakati huo PlayStation 4 zilizouzwa zilikuwa zaidi ya milioni 110. Kwa mantiki ya idadi, hapo ndipo gemu hiyo ingeuza zaidi kuliko kwenye konsoli nyingine yoyote, na kweli iliipita Xbox One. Lakini toleo la konsoli hizo za zamani lilikuwa bovu kiasi kwamba siku saba baada ya kutoka, Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuwarudishia watu fedha zao, nayo haikurudi hadi Juni 2021. CD Projekt, kampuni iliyoitengeneza, ilipotoa hesabu za mwaka huo wa 2020, zaidi ya nusu ya nakala takriban milioni 13.7 zilikuwa za kompyuta. Mwaka 2025 kampuni hiyohiyo ilifanya jambo ninalolipongeza kwa dhati: Switch 2 ilipotoka Juni 5, Cyberpunk ilikuwapo siku ya kwanza, na gemu nzima iliwekwa kwenye kadi ya kuchomeka kwenye mashine. Wachapishaji kadhaa wengine walichagua kuuza kadi yenye ufunguo tu, gemu yenyewe ukaipakue. Switch 2 ilipita mashine milioni 10 kabla Septemba haijaisha, kwa hiyo wanunuzi wapo. Kama baadhi ya gemu hizo hazitafanya vizuri hapo, naomba tuangalie kwanza mnunuzi alipewa nini kabla ya kusema watu wa Nintendo hununua gemu za Nintendo tu. Minecraft, ambayo kwa jumla imepita nakala milioni 300, imekaa kwenye orodha za mauzo za Japani kwa upande wa Switch mwaka baada ya mwaka, na Minecraft si gemu ya Nintendo.

Halafu kuna suala la takwimu zenyewe. Orodha za Circana, kampuni ya Marekani ya takwimu za mauzo, hazihesabu gemu za Nintendo zinazouzwa kwa kupakuliwa, kwa kuwa Nintendo haitoi taarifa hizo, hivyo upande wake huonekana mdogo kuliko ulivyo. Orodha zinazohesabu diski na kadi peke yake hugeuza picha: hapo Switch hupanda, na kompyuta karibu inatoweka kabisa, kwa sababu wa kompyuta wamezoea kupakua. Tangu 2015 Microsoft haitangazi imeuza Xbox ngapi. Mtu anayekuja na asilimia za kila konsoli bila kusema zimehesabiwa vipi hajaniambia kitu.

Xbox ina mtihani wake wa pekee, nao ni Game Pass, huduma yake ya kucheza gemu kwa ada ya mwezi. Tangu 2017 wenye Xbox wamefundishwa kulipia kwa mwezi badala ya kununua nakala. Call of Duty: Black Ops 6 ilipotoka Oktoba 2024, iliingia humo siku ya kwanza, nayo ni ya mfululizo ambao kwa miaka mingi ndio uliokuwa ukinunuliwa kuliko karibu yote. Ukihesabu nakala, Xbox itaonekana imeporomoka. Ukihesabu wachezaji, utaona kitu kingine. Kuwacheka wenye Xbox kwamba hawanunui gemu si haki, kwa kuwa aliyewaambia wasinunue ni kampuni yenyewe. Na sasa kampuni hiyo inapeleka gemu zake kwa jirani: Forza Horizon 5 ilifika PlayStation 5 Aprili 2025, Gears of War: Reloaded ikafuata Agosti.

Ndiyo maana naisubiri Grand Theft Auto VI kwa hamu kubwa, si kwa ajili ya kuicheza tu. Imepangwa kutoka Novemba 19, 2026, na konsoli zilizotajwa ni PlayStation 5 na Xbox Series X na S. Switch 2 haimo, na kompyuta haikutajwa. Strauss Zelnick, bosi wa Take-Two, kampuni inayomiliki Rockstar, watengenezaji wa gemu hiyo, amesema mara nyingi kwamba haoni sababu ya kuziweka gemu zake kubwa kwenye huduma za kulipia kwa mwezi siku ya kwanza. Kwa maana hiyo kila atakayeitaka atalazimika kuinunua, na konsoli hizi mbili zitapimwa bila Game Pass kuvuruga hesabu.

Dau langu naliweka kwa PlayStation 5, tena kwa tofauti kubwa. Ina zaidi ya mashine milioni 80 zilizouzwa, na safari hii idadi na mazoea viko upande mmoja: wengi waliocheza Grand Theft Auto V kwenye PlayStation 4 wamehamia PlayStation 5 na marafiki zao wote. Gemu hiyo ya tano imepita nakala milioni 200 kwa sababu iliwafuata wanunuzi wake vizazi vitatu vya konsoli, 2013, 2014 na 2022. Wenye PlayStation 4 ambao bado hawajahama watahama kwa ajili ya ya sita, na sioni wengi wao wakielekea Xbox.

Ila nasimama pia na dau la pili, ambalo najua wengi hawatalipenda: Xbox itauza nakala nyingi kuliko wanavyotabiri wanaoiandikia tanzia. Xbox Series S ni dhaifu, na tuliona Baldur's Gate 3 ikifika Xbox Desemba 2023, miezi mitatu baada ya PlayStation 5, kwa sababu ya ugumu wa kuigawa skrini ya wachezaji wawili kwenye mashine hiyo ndogo. Rockstar wakiwapa wenye Series S toleo linalocheza vizuri, siku ileile na wenzao, watanunua. Nitakachokitazama kwanza siku hiyo, kabla ya takwimu yoyote ya mauzo, ni jinsi gemu inavyokwenda kwenye Series S.