Bwana Makumbi Avuka Feri

Ukikutana na mtu Mombasa akakwambia yeye ni mwalimu wa tuisheni za nyumbani, usimwulize afundisha somo gani. Mwulize wiki hii ametumwa nini. Mimi nilichukuliwa na mama mmoja wa Likoni nimfundishe mwanawe hisabati, jioni baada ya alasiri, kwa malipo ya mwezi na chai. Chai haikukosa hata siku moja, na mahamri yake, na siku za neema mbaazi za nazi. Malipo yalikuwa ya mvua ya vuli: waitazama Kisauni, yanyesha Mtwapa. Na hisabati yenyewe tuliigusagusa tu, kisha zikaingia projekti.

Mimi ni zao la 8-4-4, ule mfumo wa elimu wa Kenya wa kabla ya huu wa sasa. Sisi tulikariri, tukachapwa, tukafanya mtihani, tukaenda zetu. Huu mtaala wa umilisi ulioanza kuingia madarasani nchi nzima mwaka 2019 una sharti kwamba mzazi naye ashiriki katika masomo ya mtoto. Ni sharti zuri sana, na wazazi wengi ninaowajua wameshiriki kwa kutafuta mwalimu wa tuisheni. Nimesuka mikeka ya karatasi. Nimepanda mchicha ndani ya debe la mafuta. Nimeunda ngoma ya kopo ambayo jirani alikuja kuomba, kwa adabu zote, isipigwe tena baada ya isha. Shule zikifunga, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo, mimi huwa si mwalimu kabisa. Huwa ni mjomba aliyepita kusalimia, ila ana chaki mfukoni.

Basi Jumatano moja nikafika na mpango wangu kamili: leo tutatoa kwa kukopa. Kijana huyu, Gredi ya 4, alikuwa na tatizo moja na kukopa. Ukimwandikia 52 toa 27, akifika kwenye mbili toa saba anaweka kalamu chini. Nimemwelekeza kwa vijiti, nimemwelekeza kwa kokwa za ukwaju. Anakutazama kwa huruma, anakwambia, "Ticha, babu asema kukopa si kuzuri." Na babu mwenyewe yuko barazani, anasikia, anaitikia, "Kweli kabisa."

Siku hiyo sikuwahi hata kufungua daftari. Kijana alinipokea mlangoni.

"Ticha, twatakiwa sanamu ya kutishia ndege. Ijumaa."

Huko bara, penye mashamba ya mtama na ndege wadogo wenye woga wao, ningeelewa. Lakini shule yake iko kisiwani, ng'ambo ya feri, na ndege wa kisiwani ni kunguru. Kunguru wa Mombasa kama humjui, shukuru. Huyu mwenye shingo ya kijivu asili yake si huku. Katoka Bara Hindi, akaingia Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia miaka ya 1940 ashatua Mombasa, akapaona pazuri, akakaa. Amekula vifaranga, amekula mayai ya ndege wenyeji, sasa yuko jikoni. Nimemwona mmoja pale Mwembe Tayari akimpokonya mtu mzima kalimati mkononi, na asiruke. Alisogea hatua mbili, akala pale pale, akarudi kuuliza kama kuna nyingine. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwaua kwa sumu kunguru milioni moja. Serikali hiyo, na wataalamu wake, na sumu yake. Na sisi hapa tumeagizwa tuwatishe kwa kijiti na nguo.

Lakini kazi ni kazi. Tukachukua fito mbili za mkoko zilizobaki wakati wa kuezeka banda, tukazifunga msalaba. Tumbo na kifua tukajaza makumbi ya nazi, ambayo Likoni hayana bei. Kichwa kikawa nazi kavu, haijafuliwa, na kijana akaichora macho kwa makaa, kisha masharubu. Nikamwuliza masharubu ya nani, akaziba mdomo kwa mikono miwili akacheka mpaka akakaa chini. Nilipokuja kumwona mwalimu wake ndipo nikajua. Sanamu yenyewe tukaipa jina la Bwana Makumbi.

Ikabaki nguo. Nami nilisema, na nataka hili lieleweke maana limezungumzwa sana tangu siku ile: nilisema nguo kuukuu. Nilitamka mbele ya mamake, na mamake akaitikia kutoka jikoni. Kijana akaingia ndani, stima zenyewe zilikuwa zimepotea tangu magharibi, akatoka na kanzu nyeupe na kofia.

"Ya nani hii?"

"Ya babu."

"Ni kuukuu?"

"Ticha, babu mwenyewe si kuukuu?"

Babu alikuwa msikitini, hakuna wa kumwuliza. Kanzu ilinukia udi, hilo nililisikia. Nikasema moyoni, hii ni nyumba ya watu wa heshima, hata matambara yao yanafukizwa.

Ijumaa alfajiri mama akashaondoka kwenda Kongowea kwenye biashara yake, akaniachia ujumbe: "Ticha, si nawe wavuka? Mpitishe mtoto na mzigo wake." Hivyo ndivyo nilivyojikuta bandani pale feri, saa ambayo Likoni nzima inakwenda kazini, mkono mmoja nimemshika mtoto, wa pili nimemkumbatia Bwana Makumbi. Sasa, Bwana Makumbi hakunjiki. Mikono yake imenyooka moja kwa moja, kushoto na kulia, na lango likifunguliwa umma wote unateremka kwa pamoja. Ule ufito ukampata mama mmoja wa buibui begani. Akageuka, akaona mkono wa kanzu.

"We mzee, huna haya! Asubuhi yote hii!"

Kisha akainua macho akauona uso. Alilia "Yallah!" moja, nadhani ilisikika mpaka Mtongwe. Nyuma yetu kijana mmoja mwungwana, ambaye alikuwa anamwona kwa mgongo tu, akaanza kupaza sauti: "Mpisheni mzee jamani, mgonjwa huyo, hamuoni anabebwa?" Watu wakatupisha kweli. Tulifika mbele kuliko siku zangu zote za kuvuka.

Pale kwenye ukaguzi askari akamgonga tumboni kwa kile kifaa chao.

"Ndani mna nini?"

"Makumbi."

"Na kichwani?"

"Nazi."

Akanitazama muda. Kijana akaona anisaidie: "Ni projekti, afande. Gredi ya 4." Uso wa yule askari ukabadilika kabisa. Akatuwekea mkono begani, mimi na Bwana Makumbi pamoja, akasema kwa uchungu, "Mimi wangu juzi alitaka kuku hai. Piteni."

Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, kwa hiyo hapo hakuna aliyetudai. Wa kudai nilimkuta ng'ambo, na tuktuk yake.

"Wangapi?"

"Wawili, mimi na mtoto."

"Na huyo?"

"Huyo sanamu."

"Ana kichwa?"

"Cha nazi."

"Kichwa ni kichwa. Lipa vitatu."

Nilijaribu kubishana, lakini nyuma kulikuwa na abiria wengine, nao wote walikuwa upande wa dereva. Nikalipa vichwa vitatu kutoka mfukoni mwangu, nikamkalisha Bwana Makumbi katikati kwa kuwa ndiye mwenye mikono mirefu, mkono mmoja ukatokea nje. Njia nzima watu wa barabarani walikuwa wanatupungia.

Shuleni nikawakabidhi wote wawili langoni, nikaenda mjini kwenye saiba kuchapisha maswali ya mwanafunzi mwingine. Kama saa nne hivi simu ikalia, namba siijui.

"Ndiwe mwalimu wa hisabati?"

"Ndimi. Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kanzu yangu i wapi?"

Nikatambua kwamba ile harufu ya udi haikuwa ya bure. Ilikuwa ile ya tarizi ya shingoni, ya Idd mbili na ndoa za watu wa karibu tu. Na siku hiyo, baada ya swala ya Ijumaa, kulikuwa na nikaha kisiwani, naye ndiye shahidi.

"Iko shule, babu."

"Shule yafanya nini?"

"Yafukuza kunguru."

Kimya. Nikasikia redio ya kwao ikisoma vifo.

"Yafukuza nini?"

"Kunguru, babu."

"Nakuja," akasema, akakata.

Nikakimbia. Bustani ya shule ni kipande kidogo nyuma ya jiko, mchicha na sukuma wiki kwenye magunia, na sanamu zilikuwa zimepangwa safu. Moja ilivaa jezi ya mpira, nyingine dera la mama wa mtu, lenye maua makubwa. Bwana Makumbi alisimama katikati, mweupe, anang'aa, mwenye hadhi kuliko wote. Kunguru mmoja yuko juu ya kofia anamdonoa jicho. Wa pili amejichomeka kwenye mkono wa kanzu, anavuta makumbi fungu kwa fungu, anaruka nayo mpaka juu ya mwarobaini anakojenga kiota, anarudi kuongeza. Alikuwa na bidii huyo, sijaona mwanafunzi wa namna hiyo. Na begani, kwenye ule weupe wote, kulikuwa na alama ambayo kunguru huiacha popote anapokaa kwa raha.

Mwalimu, mwenye yale masharubu, alikuwa na karatasi yake anakagua. Siku hizi hakuna alama kumi juu ya ishirini. Kuna kuzidi matarajio, kufikia, kukaribia, na chini ya matarajio. Alimtazama Bwana Makumbi, akamtazama kunguru aliyerudi kuchukua makumbi mengine, na kalamu ikaanza kuteremka kuelekea safu ya mwisho. Kijana alikuwa ashaanza kuvuta kamasi.

Hapo ndipo babu alipoingia. Bodaboda ilimshusha mpaka langoni. Mlinzi alimwomba aandike jina, akajibiwa neno ambalo sitaliandika. Kavaa kikoi na shati la mikono mifupi, bakora mkononi. Akaiona kanzu. Akamwona kunguru ndani ya kanzu.

"Lahaula!"

Mzee wa miaka ile sikujua ana mbio. Alikata bustani katikati, bakora juu, na kunguru wote wakaruka kwa pamoja, wa kwenye mwarobaini, wa kwenye mabati ya jiko, hata wa nyumba za jirani ambao hawakuhusika. Watoto nao wakatimka. Jezi ikaanguka, dera likaanguka. Mwalimu nilimwona akichungulia nyuma ya pipa la maji. Vumbi lilipotulia, juu ya shule ile hakukuwa na kunguru hata mmoja, jambo ambalo mpishi aliniambia halijapata kutokea tangu aajiriwe.

Mwalimu akatoka taratibu.

"Huyu ni nani?"

"Babu yangu," kijana akasema, kifua mbele. "Ameshiriki."

Mwalimu akafikiri, akaandika kuzidi matarajio. Kwa maoni yangu haikuwa haki kwa watoto ambao babu zao wanakaa mbali, lakini mimi ni wa hisabati, sikuulizwa.

Tukamvua Bwana Makumbi nguo mbele ya darasa zima. Ile alama tukaipitisha kwenye mfereji, ikafifia ikawa rangi ya chai. Saa ya swala ilikuwa imekaribia na kurudi Likoni kubadilisha haiwezekani, kwa hiyo babu akaikung'uta mara mbili tatu, akaivaa vivyo hivyo. Makumbi hayakung'utiki. Ule unyuzi wake unaingia kwenye uzi wa nguo unajificha, unangoja mtu atoke jasho.

Msikitini nilikaa safu ya nyuma yake. Khutba ikianza hairuhusiwi hata kumwambia mwenzako nyamaza, sembuse nikune hapa. Babu akasogea kidogo kidogo mpaka akaipata nguzo, akaiegemea, akaanza kujisugua juu chini, macho amefumba. Mzee aliyekaa karibu naye alimtazama akatikisa kichwa, anadhani maneno ya khatibu yamemwingia.

Kwenye nikaha sheikh akauliza mashahidi wapo. Babu akainua mkono, na kutoka ndani ya kanzu likashuka fungu zima la makumbi, likatua kwenye mkeka mbele ya goti la bwana harusi. Bwana harusi akalitazama. Akamtazama babu. Akasogea. Ndoa ilipita, alhamdulillahi, ila nasikia upande wa mume waliulizana kwa siku kadhaa lile fungu la nyuzi liliwekewa nini na nani.

Jumatatu malipo yangu ya mwezi yaliingia kwenye simu kabla sijadai, jambo la kwanza la aina yake, yakiwa yamekatwa ya dobi. Nikamwonyesha kijana ule ujumbe, nikamwambia haya, tufanye hesabu ya kweli leo: elfu nne, toa mia tatu na hamsini.

Akatazama tarakimu. Akakopa kwenye mamia, akaona hamna, akakopa kwenye maelfu, hakusita wala hakumtaja babu.

"Elfu tatu, mia sita na hamsini, Ticha. Na tuktuk je, atakulipa nani?"

"Mashallah!" mamake akasema kutoka jikoni. "Hii tuisheni yasaidia."