Nahau za Kiingereza kwa vidato vya chini: tuanze na zipi?

Ukipita nyuma ya madarasa ya kidato cha kwanza au cha pili wakati wa kipindi cha Kiingereza, si ajabu kukuta ubao umegawanywa kwa mstari wa katikati. Kushoto imeandikwa "to kick the bucket", kulia "to die". Kushoto "once in a blue moon", kulia "very rarely". Wanafunzi wananakili, na Ijumaa kuna jaribio. Mwalimu anayefundisha hivi si mvivu. Ndivyo alivyofundishwa mwenyewe nahau za Kiswahili shule ya msingi, ambako kukata kamba ni kufa, kupata jiko ni kuoa na mkono wa birika ni mtu mchoyo, na ndivyo mitihani ya kumaliza shule ya msingi ilivyozoea kuuliza: nahau moja, halafu majibu ya kuchagua.

Kama ubao huo una faida au hauna, walimu wa Kiingereza hawajawahi kukubaliana. Wapo wanaotaka nahau ziondolewe kabisa katika vidato vya chini, kwa kuwa mtoto ambaye hajaweza kujieleza kwa sentensi tatu mfululizo ana mambo ya haraka zaidi ya kujifunza. Wapo wanaosema kwamba bila nahau Kiingereza chake kitabaki kikavu, na siku akishika hadithi au gazeti atasoma maneno yote aliyofundishwa asielewe kinachosemwa. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili. Lakini naona pande zote mbili zinagombania nahau za mapambo, wakati zinazomwangusha mtoto ziko kwenye kitabu chake cha Baiolojia na kwenye karatasi ya mtihani wa Historia, na hakuna anayeziita nahau.

Nianze na wanaozipinga, maana hoja zao zina uzito. Mwaka 1998 mtafiti Rosamund Moon alichapisha kazi aliyoifanya juu ya mkusanyiko wa maandishi ya Kiingereza wenye maneno yapatayo milioni 18. Zile nahau zinazopendwa ubaoni, ambazo huwezi kuibahatisha maana yake kwa kutazama maneno, zilikuwa adimu mno. Nyingi hazikufikisha hata mara moja kwa kila maneno milioni. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza kidato cha nne, akasoma vitabu vyote alivyopangiwa, na asikutane na "kick the bucket" popote isipokuwa kwenye daftari lake mwenyewe.

Kuna pia suala la umri. Marilyn Nippold wa Marekani, aliyechunguza lugha ya watoto na vijana kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba hata watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza huendelea kujifunza nahau mpaka ujana wao. Zile ambazo maana yake inachungulia huzishika mapema, zilizofungika huchelewa, na zote huwa nyepesi zaidi zikiwa ndani ya habari kuliko zikiwa peke yake. Huyu wetu wa miaka 13 au 14, aliyesoma shule ya serikali, amefundishwa masomo yote kwa Kiswahili miaka saba, Kiingereza kikiwa somo moja tu. Kumpa nahau 20 zisizo na habari yoyote ni kumdai kitu ambacho hata mtoto wa Manchester hadaiwi.

Hoja ya tatu inatoka kwa wanaotazama Kiingereza kama lugha ya kuelewana kati ya watu ambao si lugha yao ya kuzaliwa. Barbara Seidlhofer wa Chuo Kikuu cha Vienna amesisitiza kwamba katika mazungumzo ya aina hiyo, nahau inayojulikana na upande mmoja tu ni kikwazo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo Guangzhou anazungumza Kiingereza na Mchina, si na Mwingereza. Anachohitaji ni bei, idadi, tarehe na ahadi iliyo wazi. Akimwambia yule Mchina habari za kutohesabu vifaranga kabla hawajatotolewa, wote wawili wanapoteza muda.

Hata hivyo, kufuta si jibu, na sababu kubwa ni ya haki. Mtoto wa shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza tangu awali anaziokota nahau hizi kwenye katuni, kwenye vitabu vya nyumbani na kwa wazazi wanaozungumza lugha hiyo mezani. Mtoto wa shule ya kata ana darasa tu. Tukiziondoa darasani, hazitaondoka kwenye usaili wa kazi wala kwenye riwaya na tamthilia ambazo mwanafunzi huyo huyo atatakiwa kuzichambua akifika kidato cha tatu na cha nne. Zitabaki mali ya waliozikuta nyumbani.

Halafu kuna furaha, jambo ambalo watunga mitaala hulipita haraka. Watoto wa umri huu wanapenda lugha ya kificho. Kila mwaka wanabuni maneno yao ya mtaani ili wakubwa wasiwaelewe. Waambie kwamba Mwingereza naye ana namna ya kusema siri imevuja kwa kutaja maharagwe yaliyomwagika, "to spill the beans", na hata wa dawati la nyuma atainua kichwa. Mwalimu ambaye Kiingereza kimewafanya wanafunzi wake wawe bubu hana sababu ya kuitupa silaha hiyo.

Ila furaha hiyo ikigeuzwa kuwa deni la alama, inaharibika. Kenya wameliona hilo kwenye insha za Kiingereza za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Watoto walifika na misemo waliyoikariri, wakaipachika hata pale isipohitajika, kwa sababu waliamini ndiyo inayoleta alama. Insha nyingi zikawa na jua lile lile linalong'aa na mhusika yule yule mwenye afya "as fit as a fiddle", yaani kama fidla, chombo cha muziki ambacho mwandishi hajawahi kukiona. Sasa watoto wa umri huo wako Junior School, gredi ya saba hadi ya tisa, chini ya mtaala wa umahiri. Kama tabia ile itakufa au itahamia huko inategemea walimu watatoa alama kwa kipi.

Sasa nirudi kwenye vile vitabu. Chukua sentensi ya kawaida kabisa ya Baiolojia: "Plants take in carbon dioxide and give off oxygen." Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua "give" ni kutoa au kumpa mtu kitu. "Off" ameiona kwenye swichi ya taa. Akiunganisha alichofundishwa kwa uaminifu, mimea inatoa oksijeni na kuizima. Ukurasa unaofuata anakuta chakula "is broken down", na anajua kuvunja, anajua chini. Kwenye Kemia anaambiwa "carry out an experiment": beba, nje. Hakuna neno gumu hapo. Kila neno alifundishwa shule ya msingi na pengine alilipata kwenye jaribio. Kinachomshinda ni kwamba yakikaa pamoja yanakuwa kitu kingine, na hiyo ndiyo nahau.

Kwenye mtihani ni hatari zaidi, kwa sababu huko hana wa kumuuliza. "Account for" ni mwanzo uliozoeleka wa maswali ya Historia, na maana yake ni eleza sababu. Mwanafunzi aliyeijua akaunti ya benki au ya simu anaandika aya nzuri za kusimulia tukio lilivyokuwa, bila sababu hata moja, anapata alama mbili, na mwalimu wa Historia anasema hakusoma. Alisoma. "With the aid of a diagram" ni hivyo hivyo: "aid" aliiona kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Sijaona ubao wa nahau wenye "account for" kushoto.

Kwa hiyo kama ningepewa miaka miwili ya kwanza ya sekondari nipange, vitenzi hivi vinavyogeuka kwa kuongezewa "up", "off", "out" au "about", pamoja na lugha ya maswali ya mtihani, vingetangulia. Vingeanzia kwenye vitabu vya masomo mengine, mwalimu wa Kiingereza akikaa na wa Baiolojia na wa Historia wiki moja kabla, wachague sentensi kumi. Nahau za mapambo zingekuja kupitia hadithi, zisomwe, zichekelewe, zisitungiwe jaribio la Ijumaa.

Na mahali pa kuanzia tunapo, bila kununua kitabu. Waulize wanafunzi wamweleze mgeni maana ya "piga": piga pasi, piga picha, piga mswaki, piga simu, piga chafya, piga hatua. Hakuna anayepigwa popote. Ndani ya dakika tano darasa zima linaona kwamba lugha yao inafanya jambo lile lile, na kwamba wao ni mabingwa wake. Baada ya hapo "give off" haionekani tena kama fitina ya Waingereza.

Kueleza asili ya nahau nako kunasaidia. Mtafiti Frank Boers na wenzake walijaribu hilo Ubelgiji na kukuta kwamba wanafunzi walioelezwa picha iliyo nyuma ya nahau waliikumbuka vizuri kuliko waliopewa maana tu. Wanafunzi wao walikuwa wakubwa kuliko wetu, na mwalimu wa Ubelgiji hana wanafunzi sabini ndani ya dakika 40, lakini mkondo wake unatufaa. "To learn the ropes" ilitoka kwenye merikebu za tanga. Mtoto wa Pangani au Bagamoyo aliyeona kamba za jahazi, na ambaye kwao husema mambo yamekwenda mrama, kama chombo kinachoyumba baharini, yuko karibu na nahau hiyo kuliko kijana wa London. "To score an own goal" haihitaji maelezo popote Tanzania. Zile za kriketi zinaweza kusubiri.

Linabaki jambo ambalo naliona gumu kweli. Mwanafunzi anaandika "the chairman ate the money of the village". Kwa kitabu ni kosa. Kwa Afrika Mashariki ni Kiingereza kinachoeleweka kuanzia Mombasa mpaka Kampala, kama vile "slowly by slowly", au "you are lost" anayoambiwa mtu ambaye hajaonekana siku nyingi. Mwanaisimu Braj Kachru alitetea kwa miongo mingi haki ya nchi zilizotawaliwa kuwa na Kiingereza chao, na mimi "ate the money" nisingeikata kwa wino mwekundu. Ningeiacha, nikaandika pembeni "embezzled", na kumweleza mtoto ni wapi atahitaji ipi. Lakini mtahini wa taifa hana pembeni ya kuandika. Ana mwongozo wa usahihishaji, na mwongozo ukinyamaza, sentensi ile ile itampa alama mwanafunzi aliyeangukia mikononi mwa mtahini mvumilivu na kumnyima aliyeangukia kwa mkali. Baraza la mitihani likubali au likatae, ila lisiwaachie wasahihishaji waamue kila mmoja kivyake.