Karatasi, wingu, na msichana tusiyemjua

Ndani ya bahasha za picha alizoacha bibi yetu mna moja ndogo, nyeusi na nyeupe. Wasichana wawili wamesimama mbele ya ukuta, wameshikana mikono. Wa kushoto ni bibi mwenyewe. Ukimtazama paji la uso unamwona mama waziwazi. Wa kulia hatukumjua. Picha ni nzima kiasi kwamba unaweza kuhesabu vifungo vya magauni yao, lakini nyuma yake hapana hata neno moja. Miaka nenda miaka rudi tuliitoa, tukaulizana, tukairudisha.

Kwenye droo zinamokaa bahasha hizo ninayo diski ya nje yenye picha za miaka minane ya wanangu. Ilianguka kutoka kwenye kiti, si juu sana. Tangu siku hiyo nikiichomeka inagonga tik-tik kwa ndani na kompyuta haioni kitu. Baadhi ya picha zile zilikuwa pia kwenye simu. Nyingi hazikuwa popote pengine. Mpaka leo sijaweza kuitupa.

Vitu hivi viwili hunifanya nisite kila nikisikia watu wakibishana namna ya kutunza picha za familia. Wapo wanaoshikilia karatasi: safisha picha, panga albamu, maana vifaa hufa na kampuni hufungwa. Wapo wanaosema karatasi imepitwa na wakati: skani kila kitu, pandisha mtandaoni, nyumba ikiungua picha zitabaki. Nimewahi kuwa upande huu na upande ule. Ninachokiona sasa ni kwamba kila upande umejikinga dhidi ya adui mmoja tu. Karatasi huuawa na maafa. Faili huuawa na kusahauliwa.

Watu wa karatasi wana ushahidi mzito. Picha kongwe kuliko zote zilizosalia kati ya zile zilizopigwa kwa kamera ni ya Mfaransa Nicéphore Niépce, mandhari aliyoyanasa kutoka dirishani kwake mwaka 1826 au 1827, tena juu ya bamba la madini. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipotea machoni pa watu, ikakaa sandukuni kwa miongo kadhaa hadi mwanahistoria Helmut Gernsheim alipoifuatilia na kuipata mwaka 1952. Muda wote huo hakuna aliyeihamisha kutoka kifaa hadi kifaa, wala aliyetakiwa kukumbuka nenosiri lake. Iliachwa tu, na kuachwa hakukuiua. Picha za bibi zimeishi hivyohivyo.

Hata maafa hayazimalizi zote. Baada ya tsunami ya Machi 11, 2011 nchini Japani, picha nyingi mno ziliokotwa kwenye matope. Watu wa kujitolea walizisafisha moja moja kwa maji, wakazianika, wakazipanga ili wenyewe waje kuzitafuta. Ilikuwa kazi ya kukimbizana na muda, kwa sababu picha iliyolowa hushambuliwa na bakteria wanaokula jelatini, ile tabaka inayobeba sura. Nikiwafikiria watu waliopoteza kila kitu wakipita mezani kumtafuta mtoto wao kwenye picha zenye madoa, siwezi kumcheka mtu anayesema karatasi ni karatasi.

Lakini ushahidi huo una tundu, nalo ni rangi. Picha nyeusi na nyeupe za zamani zimejengwa kwa chembe za madini ya fedha, ndiyo maana zinadumu. Picha za rangi hujengwa kwa kemikali ambazo huchuja hata zikikaa gizani, na joto na unyevu huzidi kuziharakisha. Ndiyo sababu nyingi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu: rangi nyingine zimetangulia kwenda. Albamu zile za kurasa zenye gundi na nailoni ya kufunika juu, ambazo familia nyingi zilizinunua kama ulinzi, zimeongeza uharibifu, na kubandua picha humo bila kuichana ni kazi ya moyo mkononi. Juu ya hayo, picha ya karatasi mara nyingi ni moja tu duniani. Moto mmoja, bomba moja lililopasuka, ugomvi mmoja wa urithi, imekwenda.

Hapo ndipo faili inapoishinda karatasi bila ubishi. Nakala ya faili ni sawasawa na ile ya kwanza, na nakala ya nakala vilevile, hata zikiwa mia. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliieneza kanuni ambayo sijaona iliyo bora zaidi kwa mtu wa kawaida: nakala 3, kwenye aina 2 za hifadhi, na 1 kati ya hizo iwe mbali na zilipo nyingine. Ningeifuata, kuanguka kwa diski yangu kungekuwa hasara ya kifaa tu.

Ila kanuni hiyo inadai mtu aliye macho mwaka hadi mwaka. Mwaka 1986 BBC ilikamilisha mradi wa Domesday, picha na maelezo ya maisha ya Waingereza yaliyowekwa kwenye diski kubwa za leza, kuadhimisha miaka 900 ya daftari la ardhi na mali la mwaka 1086. Ndani ya miaka 15 hivi mashine za kuzisoma zilikuwa zimekaribia kutoweka, ikabidi wataalamu wahangaike kuziokoa. Daftari la 1086, lililoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, linasomeka hadi leo.

Wingu nalo, yaani hifadhi ya mtandaoni, ni kompyuta ya mtu mwingine. Machi 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulitangaza kuwa picha, video na sauti zilizopandishwa zaidi ya miaka 3 nyuma huenda hazipatikani tena, kutokana na uhamishaji wa seva. Google Photos ilisitisha hifadhi ya bure isiyo na kikomo Juni 1, 2021, na tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haijatumika kwa miaka 2. Masharti hayo yameandikwa wazi, na huduma hizi zimewaokoa wengi walioibiwa simu, mimi nikiwamo. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tena watu wengi huchanganya kulandanisha, yaani kufanya simu na wingu viwe na vitu vilevile, na kuhifadhi: ukifuta picha kwenye simu ili upate nafasi, huduma inayolandanisha huenda ikaifuta na huko ilikopanda.

Hiyo miaka 2 inanisumbua kuliko mengine yote. Mtu akifariki, nani huingia kwenye akaunti yake? Mara nyingi hakuna, kwa kuwa nenosiri amekwenda nalo, au kwa kuwa walio hai hawana moyo wa kufungua. Kuna familia zinazohitaji zaidi ya miaka 2 kabla ya kuthubutu hata kugusa nguo. Bahasha za bibi zilitusubiri mpaka tukawa tayari. Tangu 2013 Google ina sehemu ya kumtaja mtu atakayepewa vitu vyako akaunti ikinyamaza, na Apple iliweka yake Desemba 2021. Kujaza huchukua dakika chache, na ningeomba kila mzazi azijaze wiki hii.

Hata hivyo ubishi wa karatasi na wingu nauona mdogo mbele ya mwingine unaosemwa kwa sauti ya chini: tutunze zote, au tuchague? Wanaotaka zote wana hoja inayonigusa. Hifadhi imekuwa rahisi, na hakuna ajuaye kesho itathamini nini. Mchagua nazi hupata koroma. Katika picha ya bibi ninachokitazama muda mrefu zaidi si sura bali ni viatu, na ule ukuta ambao haupo tena. Mpiga picha hakuvikusudia. Angeambiwa akate pembeni, angevikata.

Lakini nimeona pia kinachotokea kwa mtu anayerithishwa picha elfu thelathini. Anafungua folda ya kwanza, anakuta picha kumi na nne za keki ileile, anafunga. Mwaka unapita, kisha mwingine, na kama faili huuawa na kusahauliwa, basi wingi ndio unaoleta kusahauliwa kwenyewe. Bibi alikuwa na picha zisizofika sitini, nasi tunazijua zote. Wanangu wana maelfu na sidhani kama wanaikumbuka hata moja jinsi ninavyoukumbuka ukuta ule.

Kwa hiyo nimeegemea upande wa kuchagua, ila kuchagua bila kufuta. Zile nyingi zikae zinakokaa, na bahati yake. Pembeni yake kila mwaka nakaa na wanangu tunatoa hamsini. Hizo ndizo zinazopata nakala tatu, na hizo ndizo tunazozisafisha kwenye karatasi, ili uzembe wangu usizimalize na moto nao usizimalize. Picha za kawaida za JPEG, muundo uliopo tangu 1992, hufunguka karibu kwenye kila kifaa, kwa hiyo aina ya faili hainitii wasiwasi sana. Nahakikisha tu zinatoka kwenye kamera au simu iliyozipiga, wala si zilizopitia WhatsApp, kwa sababu huko picha hubanwa ikapungua ubora na mara nyingi hupoteza tarehe yake ya asili.

Kisha yanakuja majina. Mali bila daftari huisha bila habari. Simu huandika yenyewe siku na saa, pengine hata mahali, na programu siku hizi hukusanya sura moja ya mtu pamoja. Jina lazima litoke kwa mtu anayelijua, akiwa bado hai. Kwa karatasi natumia penseli laini nyuma, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele na wino wake hupenya. Kwa faili naandika ndani ya jina la faili lenyewe: mwaka, nani, wapi.

Mwaka jana niliskani picha ya wale wasichana wawili kwa nukta 600 kwa inchi, nikaituma kwenye kundi la ukoo. Binamu yangu mmoja alimkuzia mama yake kwenye simu, mama mkubwa wetu, ambaye macho yake yanafifia. Ilirudi sauti. Alitaja jina, akasema huyo ni dada mkubwa wa bibi, aliyefariki kabla mama yetu hajazaliwa, na kwamba gauni lile walishonewa siku moja kwa kitambaa kimoja. Nyuma ya sauti yake anasikika binamu akimwuliza tena jina, naye akilirudia polepole. Nimeliandika kwa penseli nyuma ya picha, na tena kwenye jina la faili. Sauti yenyewe, dakika moja na sekunde kadhaa, ipo sehemu tatu sasa, na moja kati ya hizo haiko nyumbani kwangu.