Mioyo ilipopishana mbele ya wakwe

Jamani hii kompyuta imeshanivua nguo ukweni, tena ukwe wenyewe hata sio wangu. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa na sendofu hapa Dar, kamati imebana hela hadi mapambo ya ukutani hakuna, mimi na kiherehere changu nikasema ukumbi si una projekta, niachieni ukuta nitawachorea kitu kwa kodi. Mjomba akashtuka, "Kodi tena?" Nikamwambia tulia mjomba, sio ya TRA, ni zile za kompyuta, maagizo unayoiandikia ichore.

Mimi natumia p5.js, zana ya kuchora kwa kodi, mdogo wake Processing, ile waliyoianzisha Casey Reas na Ben Fry pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2001 ili hata wasanii waweze kuprogramu. Sasa kusikia wasanii tu, nikajua hesabu hazinihusu.

Mpango ulikuwa hivi: moyo mwekundu wa dada unatokea kulia, wa bluu wa shemeji kushoto, inavutana kama sayari, nyuma yao vinukta 3,000 vya maua vinawafuata. Fomyula ni ile ya Newton, nguvu unaigawanya kwa umbali mara umbali. Nyumbani ilikuwa tamu balaa, kwa sababu wa bluu niliuanzisha juu kidogo, kwahiyo ikikaribiana inakosana kidogo inaanza kuzungukana kama watu wanacheza taarabu. Nilijirekodi nikajipigia makofi mwenyewe.

Siku yenyewe, dakika kumi kabla, shangazi kapita nyuma yangu na hotpoti, kaangalia skrini. "Mwanangu, mbona mwanaume yuko juu? Sisi binti yetu tumemuokota? Waweke sawa." Na shangazi habishiwi. Nikabadili namba moja tu, sijajaribu hata mara moja, nikapeleka.

MC akazima taa. Maua yakaanza kutiririka, mama wakwe wanapiga vigelegele, mioyo inasogeleana taratibu, mstari mmoja, uso kwa uso. Sasa hapo ndo Newton akanionyesha, maana umbali ukiwa pikseli 200, yaani vile vinukta vya skrini, nguvu ni ndogo, ila ukishuka hadi nusu pikseli inakuwa imezidi mara 160,000, na mimi sikuwa nimeweka kikomo chochote. Mioyo ikagusana, ikapitana kama daladala mbili zinagombea abiria, mwekundu ukachomokea mlango wa jikoni, wa bluu ukachomokea chooni, haikurudi. Maua nayo yakachanganyikiwa, nusu huku nusu kule, feni ya laptop inalia kama mashine ya kusaga, ukuta umebaki mweusi tiii.

Ukumbi mzima kimya. Vigelegele vimekatikia kooni.

MC, Mungu amuweke, akadaka maiki, "Mmeona wenyewe jamani, hao washaenda hanimuni!" Watu wakaanza kucheka, mara babu wa upande wa shemeji akauliza kwa sauti, "Sasa mbona kila mtu na ndege yake?"

Dada alicheka mpaka wanja ukashuka. Dawa ilikuwa mstari mmoja tu wa kodi, umbali usihesabiwe chini ya pikseli 20, nimeuandika usiku ule ule nikiwa nimejifungia chumbani. Shangazi akiulizwa anasema yeye muda wote alikuwa anapakua pilau.