Mizani Ikigoma Baada ya Upasuaji: Kusubiri au Kukaza?

Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, awe aliufuata Dar es Salaam, Nairobi au India, mara nyingi hurudi Moshi au Arusha na karatasi ya maelekezo ya wiki sita za mwanzo: wiki mbili za vimiminika, kisha vya kupondwa, kisha vyakula laini, na baadaye chakula cha kawaida. Karatasi hiyo haisemi afanye nini siku kilo zitakapoganda. Na zitaganda.

Hapo ushauri hugawanyika. Wapo wanaosema auache mwili ufanye kazi yake, kwa kuwa kuganda ni kawaida. Wengine wanasema miezi hii ndiyo pekee ya kupungua, kwa hiyo akaze: apunguze chakula zaidi, atembee zaidi. Kila upande una ushahidi wake. Tatizo ni kwamba neno moja linabebeshwa mambo mawili. Mizani iliyogoma wiki ya tatu na mizani iliyogoma mwezi wa kumi na sita hazina chanzo kimoja, na dawa ya moja ni sumu kwa nyingine.

Tuanze na wiki ya tatu. Ini na misuli hutunza akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, nusu kilo hivi kwa mtu mzima, na kila gramu yake hushikilia takriban gramu tatu za maji. Siku za mwanzo mtu anapokunywa supu ya maji matupu, akiba hiyo inaisha na maji yake yanatoka, ndiyo maana kilo hudondoka kwa kasi. Chakula kikianza kurudi, akiba hujazwa tena pamoja na maji yake. Mafuta yanaendelea kuyeyuka, ila maji yanayorudi huyafunika kwenye mizani. Hali hii huchukua wiki moja hadi tatu. Kwa mwanamke, maji ya kabla ya hedhi yanaweza kuongeza kilo moja au mbili juu yake.

Katika kipindi hiki wanaosema subiri wako sahihi kabisa. Anayekaza hapa anapunguza protini, mwili unachukua misuli yake, na kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele zinakatika kuliko zilivyopaswa. Jambo la maana ni kupima vizuri: mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya haja ndogo, kwa mizani ileile iliyowekwa juu ya sakafu ngumu iliyonyooka. Mizani ya duka la dawa mjini na ya nyumbani zisilinganishwe. Futi kamba ya fundi cherehani ipitishwe kiunoni usawa wa kitovu kila baada ya wiki mbili, kwa sababu kiuno mara nyingi hupungua wakati kilo zimesimama.

Sasa mwezi wa kumi na sita. Wengi hufikia uzito wao wa chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 18, wengine hadi mwaka wa pili. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza 1987 ulionyesha hivyo: uzito ulishuka hadi mwaka wa kwanza au wa pili, kisha ukapanda kiasi. Waliofanyiwa baipasi, yaani upasuaji unaofanya mfuko wa tumbo kuwa mdogo na kuruka sehemu ya utumbo, walikuwa bado pungufu kwa takriban asilimia 25 ya uzito wao wa mwanzo baada ya miaka 10. Kwa hiyo kusimama kunaweza kuwa mwisho halali wa safari. Mwili wa kilo 90 hautumii nishati sawa na wa kilo 130. Kutembea umbali uleule kwa mwendo uleule kunamgharimu karibu theluthi moja pungufu. Chakula kilichompunguza mwaka jana, leo kinamtosha tu.

Namna ya kujua kama alipofika ni pazuri ni hesabu. Chukua mtu wa urefu wa mita 1.65 aliyeanza na kilo 128. Kwa kipimo cha BMI (kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita mara urefu huohuo) cha 25, uzito wake ungekuwa kilo 68, hivyo ziada ilikuwa 60. Kigezo cha zamani kinataka nusu ya ziada iwe imeondoka, yaani awe amefika kilo 98. Kigezo kingine ni asilimia 20 ya uzito wote wa mwanzo, hapa kama kilo 26. Aliyepita mstari huo, sukari imetulia na presha imeshuka, kisha amesimama, ana hoja nzuri ya kutulia. Aliyesimama kwenye kilo 112 hana. Huyo kumwambia asubiri ni kumwangusha, kwa maana njaa inarudi taratibu na kila mwezi unaopita unafanya kazi kuwa ngumu.

Lakini kukaza hakumaanishi kuzidi kupunguza chakula, na hapa ndipo wanaosema kaza hukosea. Kwanza itafutwe sababu, na katika mikoa hii sababu ya kwanza ya kuiangalia imo kwenye bakuli la mtori.

Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ni chakula cha heshima Uchagani. Mama aliyejifungua hupikiwa mtori, na mgonjwa vilevile. Wiki ya nne baada ya upasuaji, ukipondwa vizuri na nyama yake, ni chakula sahihi. Shida ni kwamba ndugu wanaendelea kuuleta mwaka mzima kwa upendo, na mgonjwa anaendelea kuukubali kwa kuwa haumkwami. Upasuaji wa slivu huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo, na nguvu ya kilichobaki ni kujaa. Kipande cha nyama au samaki hukaa humo muda mrefu. Mtori, uji wa lishe wenye karanga na sukari, juisi ya parachichi, chai ya maziwa na soda huteleza na kupita. Kikombe kinaingia, nusu saa baadaye nafasi ipo tena. Mtu anaapa kwamba anakula kidogo sana, na kweli kila mlo ni mdogo, lakini kwa siku nzima amekunywa kalori 1,500. Kunywa maji pamoja na chakula kunaleta matokeo yaleyale, hivyo maji yasubiri nusu saa baada ya kula, kisha yafike lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, funda kwa funda.

Tahadhari moja: wapo wanaokimbilia vimiminika kwa sababu vigumu vinawakwama au vinarudi. Hao njia ya chakula inaweza kuwa imesinyaa, na wanahitaji kipimo cha kamera ya tumbo, kwa mfano hospitali ya KCMC mjini Moshi, kabla ya ushauri wowote wa lishe. Kutapika kunakoendelea kwa siku kadhaa kunamaliza vitamini B1 na kunaweza kuharibu mishipa ya fahamu. Hilo ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kwa asiyekwama, lengo ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na ziliwe kabla ya kitu kingine kwenye sahani. Mayai mawili ni gramu 12. Kikombe cha mtindi usio na sukari ni 8. Perege aliyepikwa, gramu 90 za mnofu, anatoa karibu 22. Dagaa wakavu gramu 30, wanaopatikana bila shida soko la Mbuyuni Moshi na la Kilombero Arusha, ni kama 17. Jumla ni 59, na vijiko vichache vya maharage vinamalizia. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko cha chakula, kwa kuwa kijiko kimoja ni kalori 120 na chupa ikimiminwa kwa macho vinaingia vinne.

Mbege nayo isemwe wazi. Ina ulezi na ndizi, kwa hiyo ni pombe na uji kwa pamoja, na inateleza. Baada ya baipasi pombe huingia kwenye damu haraka zaidi, na hatari ya uraibu huongezeka, hasa kuanzia mwaka wa pili. Desemba, wakati familia zimepanda vijijini Marangu na Machame kwa Krismasi, ndipo kazi ya miezi mingi inapopotea.

Baada ya chakula, dawa. Insulini, glibenclamide, prednisolone, amitriptyline na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, zote zinaweza kuzuia kilo zisishuke. Zisiachwe kienyeji, daktari anaweza kubadilisha kipimo au aina. Tezi ya shingo ipimwe. Mwanamke apime na mimba, kwani uzazi hurudi upesi mwili unapopungua, vidonge vya kuzuia mimba haviaminiki sana baada ya baipasi, na inashauriwa mimba isubiri miezi 12 hadi 18.

Kuhusu ule mtindo wa kurudi kwenye vimiminika siku tano ili eti tumbo lijikunje upya, haufanyi hivyo. Kinachoondoka ni glaikojeni na maji yake, kilo mbili, na zinarudi wiki inayofuata. Mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki, hata kuinuka na kuketi kwenye kiti raundi tatu za mara 12, yanalinda misuli, na misuli ndiyo inayotumia nishati.

Upasuaji wa pili, kwa kawaida kugeuza slivu kuwa baipasi, una hatari kubwa kuliko wa kwanza na hupunguza kidogo kuliko ule. Sindano za kupunguza uzito kama semaglutide ni njia nyingine, ila gharama ni ya kila mwezi, na akiacha uzito hurudi. Kabla ya kufika huko, mgonjwa aende kliniki na daftari la siku 14 lenye kila alichokula na kunywa, pamoja na saa, hata nusu kikombe cha chai ya maziwa.