Mazoea Yako Yanamtumikia Nani?

Mtu akisema ana mazoea mazuri, aghalabu huwa na maana kwamba hayakatishi. Anaamka alfajiri, anakimbia, anasoma kurasa kadhaa kabla ya kulala, anaandika matumizi yake yote. Tunamsifu kwa uthabiti huo, naye anajipongeza kwa huo huo. Naona hapo tunakosea kipimo. Zoea likishakomaa hujiendesha lenyewe, liwe la maana au la bure, kwa hiyo kudumu kwake si ushahidi kwamba linakufaa.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani, akiwemo mwanasaikolojia Wendy Wood, walichapisha jaribio lililofanyika kwenye ukumbi wa sinema. Watazamaji walipewa bisi, wengine zilizotoka kukaangwa, wengine zilizolala wiki nzima. Wale waliozoea kutafuna bisi wakitazama filamu walikula zile kuukuu kiasi kile kile cha zile mpya, ingawa hawakuzipenda. Wasio na zoea hilo waliziacha nyingi. Walipotakiwa kula kwa mkono wasiouzoea, hata wale wa zoea kali walipunguza kula bisi mbovu. Badiliko dogo tu liliwarudishia uwezo wa kuonja.

Jaribio hili linanigusa kwa sababu maisha yamejaa bisi za namna hiyo. Mzazi aliyeanza kufanya kazi hadi usiku ili awasomeshe watoto, watoto wamemaliza, wamejenga kwao, na yeye bado anarudi nyumbani wenzake wamelala. Msomaji aliyependa vitabu sasa anavihesabu, akikwepa kile kinene kwa sababu kitamchelewesha. Wala hakuna aliyefanya uovu hapa. Sababu ya kwanza iliondoka kimya kimya na zoea likabaki.

Ndiyo maana napendekeza kubadili mkono kabla ya kutoa hukumu. Kimbia bila kifaa cha kuhesabu hatua. Soma bila kumwambia mtu. Hamisha saa au mahali pa jambo unalofanya bila kufikiri, uone kinachobaki. Kama hamu inakufa mara tu hesabu inapokosekana, basi ulikuwa unaitumikia hesabu.

Ila kuna mtego, na ni mkubwa. Wengi wakishasikia haya hukimbilia kujiuliza kama zoea fulani linawapa raha. Raha ni shahidi dhaifu. Anayemwogesha mama yake mgonjwa kila asubuhi huenda hasikii chochote isipokuwa uchovu na maumivu ya mgongo, na siku nyingine hasira. Bado sijui kazi yenye maana kuliko hiyo. Swali linalofaa ni nani angepungukiwa na nini kama ungeacha. Kwa yule mama jibu liko wazi. Kwa mazoea mengine utatafuta mtu wa kumtaja usimpate, hata wewe mwenyewe usijione humo. Nasisitiza hilo la mwisho kwa kuwa kujitunza nako ni kumtumikia mtu. Usingizi wa kutosha una faida halisi na hauhitaji kuombewa radhi.

Benjamin Franklin, Mmarekani wa karne ya 18, alijiwekea orodha ya fadhila 13 na jedwali la kutia alama kila alipoteleza. Jedwali lake ndilo linaloigwa sana. Mimi navutiwa zaidi na swali aliloliweka jioni katika ratiba yake ya siku: nimefanya jema gani leo? Jedwali huonyesha ulikoteleza, lakini swali linakudai utaje tendo, na tendo lina mtu upande wa pili.

Andika jibu lako kila jioni kwa mwezi mmoja, sentensi moja yatosha. Kisha liweke kando ya mazoea yanayokula saa zako nyingi zaidi. Usiyapime yote kwa pamoja, maana utachoka na kurudi ulikokuwa; anza na lile moja linalomeza muda kuliko mengine. Ikiwa halikutokea hata mara moja katika majibu, wala halikukupa nguvu ya kuyafanya yaliyotokea, lipunguze nusu, na saa zitakazobaki mpe mtu ambaye jina lake limejirudia katika karatasi hiyo.